Kabla Hamjasema Mzee Amechanganyikiwa

Hapa Mwanga, mjini Kigoma, mzee asipoitikia shikamoo mara mbili tatu, habari zake huanza kutembea mtaani. Wa kwanza atasema ana majivuno. Wa pili atasema amemnunia jirani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Wiki ikipinduka watu wamekwisha kukubaliana: uzee umempanda kichwani, amerudi utotoni. Lililo jepesi kuliko yote halisemwi. Shikamoo yenyewe ilitolewa kwa nyuma, na mtoto anayekimbia, huku bajaji inapita na spika ya duka inatangaza vitenge vya bei ya hasara. Haikufika.

Mimi ni nesi mstaafu. Wodini nilikuwa napima presha, nachoma sindano, nabadilisha shuka, na masikio ya mgonjwa mzee hayakuwa kwenye orodha ya kazi ya mtu yeyote. Sasa niko nyumbani, na majirani wa Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini, wengine hadi Rusimbi, hunipitia nikamwone baba au bibi "ambaye hayuko sawa siku hizi." Mara nyingi namkuta mzee mwenye akili zake timamu, ila mazungumzo ya nyumba yamemwacha nje.

Mmoja wao ni fundi mstaafu wa reli. Nilifika asubuhi, mke wa mwanawe akiwa anapanga vikombe, uso ameuelekeza mezani.

"Shikamoo baba. Umekula?"

"Marahaba, mwanangu. Usiku nimelala vizuri tu."

"Nimeuliza, umekula!"

"Sasa unanifokea nini? Nimesema nimelala."

Yule mama akanigeukia. "Unaona, Mama Nesi? Ndivyo alivyo. Unauliza hili, anajibu lile."

Nilichokiona mimi ni mtu aliyesikia sauti, akaona ni asubuhi, akajua kwamba asubuhi watu huulizana hali, akajaza mwenyewe neno lililopotea. Alikosea neno, lakini hesabu aliyoipiga ni ya mtu mwenye akili inayofanya kazi kwa bidii. Ndiyo maana siku zote nawaambia watu: usimuulize mzee "unasikia?" Atakujibu "nasikia," wala hakudanganyi. Sauti anaipata. Anachokosa ni maneno.

Herufi zinazotangulia kupotea

Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, kuna kifuko kilichojiviringa kinachoitwa koklea. Humo kila sikio lina seli zipatazo 15,000 zenye vinywele, na kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Binadamu huzaliwa nazo zote. Ikifa moja, haioti nyingine. Kelele huzitenda kama miguu inavyoyatenda majani kwenye njia ya mkato: mwanzoni majani hulala yakainuka tena, lakini watu wakizidi kupita hubaki udongo mtupu.

Zinazochakaa kwanza ni zile za mlangoni mwa koklea, ambazo hupokea sauti nyembamba. Ndizo zinazobeba herufi kama s, f, sh, t na k. Sauti nene za a, o na u hubaki muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mzee hukusikia ukiongea, tena akakwambia uache kupiga kelele, lakini "amefika," "amepika" na "ameshika" kwake yote ni neno moja. Wajukuu wa kike na watoto wadogo, wenye sauti nyembamba, ndio wanaopotea kabla ya wengine. Wanaume wenye sauti nzito anawapata, na hapo familia husema anachagua wa kuwasikiliza.

Kuna jambo jingine linalowatatiza watu. Sikio lililochakaa haliisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa ikizidi kidogo tu linaumia. Nafasi kati ya "sisikii" na "unanifokea" huwa finyu sana. Ndiyo maana yule fundi wa reli alikasirika. Kelele haimrudishii mzee herufi zilizopotea. Inaongeza zile nene alizokuwa anazisikia tangu awali, halafu inamletea na sura ya mtu mwenye hasira.

Kazi, dawa na miaka

Uzee peke yake unatosha kuyachosha masikio. Lakini ukikaa na wazee wa Kigoma ukawauliza walikuwa wanafanya kazi gani, utaelewa kwa nini wengi wameanza mapema kupungukiwa na usikivu. Reli ya kati ilifika hapa 1914, na tangu hapo vizazi vya watu vimelishwa na karakana, bandari na vyumba vya injini. Meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa, imepitiwa na mafundi wa baba na wa mwana. Ongeza wenye mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea, wagonga mabati, na wavuvi waliokaa usiku kucha karibu na injini ya boti wakitafuta dagaa.

Wataalamu wa usalama kazini wanasema sikio linahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unagawanywa kwa mbili. Zikifika 100, kiasi ambacho chumba cha injini ya dizeli kinaweza kukifikia na kukipita, muda salama ni dakika 15. Fundi aliyekaa humo zamu nzima bila kuziba masikio, miaka na miaka, alilipwa mshahara na akakatwa usikivu.

Na zipo dawa. Wazee wetu wengi wamekunywa kwinini katika maisha yao, na wanaujua ule mlio unaolia masikioni baada ya kuimeza. Kwa kawaida huo huisha dawa ikiisha. Streptomaisini ni habari nyingine. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu, ulioanza 1977 kwa msaada wa Dakta Karel Styblo na baadaye ukawa mfano kwa nchi nyingi, uliitumia sindano hiyo katika miezi ya mwanzo ya matibabu. Iliokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini ni dawa inayoweza kuziua zile seli za koklea, na mzee aliyepona kifua miaka hiyo anaweza kuwa aliondoka na masikio pungufu bila mtu kumwambia sababu. Leo hii mgonjwa anayechomwa jentamaisini kwa siku nyingi ana haki ya kusema mapema akianza kusikia mlio au kizunguzungu, na mwuguzaji wake ana wajibu wa kuuliza.

Mzee anatunzwa wapi?

Katika ripoti yake ya kwanza ya dunia kuhusu usikivu, iliyotoka Machi 2021, Shirika la Afya Duniani lilisema watu milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma ya utengamao, na kwamba karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wamo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamhesabu mzee kuwa ni mtu wa kuanzia miaka 60. Kwa hiyo ukiona wazee wanne wamekaa barazani baada ya swala au misa, kadiria kwamba mmoja wao anacheka kwa sababu wenzake wamecheka.

Ulaya neno utunzaji wa wazee huleta picha ya nyumba maalumu yenye vyumba na wauguzi. Sisi tunayo makazi ya namna hiyo kwa wasio na wa kuwatunza: Nunge kule Dar es Salaam, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, na hapa kwetu Kibirizi. Tunao pia wazee wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Na tunazo wodi, ambako mgonjwa mzee hukaa wiki kadhaa. Lakini nyumba kubwa ya kulelea wazee Tanzania ni ua wa mtoto wake. Mtunzaji ni mke wa mwana, ni binti aliyerudi kwao, ni mjukuu wa darasa la saba. Msaada wa kusikia usiomfikia mtu huyo utaishia kwenye makaratasi, hata kifaa kiwe cha bei gani.

Neno utengamao lisiwatishe. Maana yake ni kumsaidia mtu atende tena yale aliyokuwa akiyatenda, kwa uwezo uliobaki. Aliyevunjika mguu hapewi gongo tu akaachwa. Anafundishwa kutembea nalo, na nyumba inapangwa upya asijikwae. Masikio nayo yanataka hivyo hivyo, na mambo yenyewe yana mpangilio wake.

Kwanza, nta

Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Mengi ninayoitwa kuyaangalia hayajafa; yamezibwa. Nta ya mzee ni kavu kuliko ya kijana, vinywele vya tundu la sikio vimekuwa vigumu, na nta haitoki yenyewe kama zamani. Halafu huja mikono yetu: njiti ya kiberiti, ufunguo wa pikipiki, unyoya wa kuku, zile pamba za kijiti za dukani. Vyote hivyo husukuma nta ndani, ikashindiliwa kwenye kiwambo.

Bibi mmoja wa Mwanga Kusini alikuwa haingii tena kwenye maongezi ya wanawe. Nilimwangalia kwa kurunzi ya masikio, tundu lote jeusi, kiwambo hakionekani. Nilimwelekeza binti yake aweke matone ya mafuta ya zeituni vuguvugu kwa siku chache, jioni, bibi akiwa amelala ubavu, kisha ampeleke zahanati. Huko muuguzi alimfunga taulo begani, akampa bibi bakuli alishike chini ya sikio, akalivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, akasukuma maji kwa bomba taratibu akielekeza juu, ukutani mwa tundu, asikipige kiwambo. Maji yalikuwa na joto la mwili; yakiwa baridi au moto, mgonjwa hupatwa na kizunguzungu hapo hapo. Kikatoka kipande cha rangi ya kahawa iliyoungua, kirefu kama ncha ya kidole changu kidogo. Bibi akashika kichwa akauliza ni nani anayekoroga chai kwa kelele hivyo. Alikuwa karani, chumba cha pili.

Tahadhari zake ni hizi. Sikio linalotoa usaha, lililowahi kutoboka kiwambo au kufanyiwa upasuaji halipigwi maji wala kutiwa mafuta; linapelekwa kwa daktari. Na kazi ya bomba si ya nyumbani.

Pili, kipimo cha mnong'ono

Masikio yakiwa safi na bado mzee hapati maneno, kuna kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu wa afya ya msingi na ambacho hakihitaji mashine. Unasimama nyuma ya mzee, kando kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa, asikuone midomo. Anaziba sikio moja kwa kukibonyeza kile kinyama cha mbele. Unatoa pumzi, halafu unanong'ona maneno manne ya kila siku yasiyohusiana: mlango, samaki, jembe, shuka. Anayarudia. Akiyapata yote bila kubahatisha, sikio hilo huenda liko sawa. Akishindwa, apelekwe akapimwe.

Nyongeza yangu ni kwamba umpime kwa lugha yake. Bibi wa Kiha aliyekuja mjini kwa mwanawe akiwa amezeeka ana Kiswahili cha sokoni. Mnong'onezee "mwakeye" na maneno ya kwao, ndipo utajua kama ni sikio au ni lugha. Na mzee wa Kibembe wa Nyarugusu apimwe kwa maneno aliyokua nayo.

Kipimo kamili hufanywa na mtaalamu wa usikivu, kwa mashine inayotoa milio ya viwango mbalimbali kwenye chumba kimya. Njia ya rufaa kwa watu wa Kigoma hupitia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Ikibidi, mgonjwa huendelea hadi Bugando kule Mwanza au Muhimbili, ambako tangu 2017 hufanywa hata upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia. Mzee asiye na uwezo aende na kitambulisho chake cha matibabu bila malipo, na apite dirisha la wazee. Kuhusu kifaa chenyewe ulizeni mapema nani atalipa, kabla hamjauza mbuzi kwa nauli.

Tatu, kifaa, na wiki zinazofuata

Kati ya watu duniani ambao wangesaidiwa na kifaa cha kusikia, wanaokitumia ni asilimia 17 tu. Bei ni sababu moja. Sababu nyingine nimeiona makabatini: kifaa kipo, kimefungwa kwenye leso, kimekaa pamoja na hati ya kiwanja. Kililetwa na mtoto aliyeko Dar, kikavaliwa siku ya kwanza, kikaleta kelele, kikavuliwa.

Lazima kilete kelele. Mtu aliyekaa miaka bila kusikia fagio, kandambili, sahani na kutafuna kwake mwenyewe hurudishiwa vyote kwa siku moja. Ubongo wake umesahau kuvipuuza. Basi avae saa moja au mbili kwa siku, mahali patulivu, akiongea na mtu mmoja. Aongeze kidogo kidogo. Sokoni Mwanga na harusini ndiko kwa mwisho kabisa. Inachukua wiki kadhaa, na wiki hizo zinahitaji mtu wa kukaa naye.

Utunzaji wa kifaa ni kazi ya dakika chache kila asubuhi. Alama nyekundu ni sikio la kulia, ya buluu ni la kushoto. Kifute kwa kitambaa kikavu, angalia tundu lake lisiwe na nta. Kifunike kiganjani kikiwa kimewashwa: kikipiga mluzi, betri ni nzima. Kikipiga mluzi kikiwa sikioni, hakijakaa vizuri au kuna nta. Betri zile ndogo za kuingiza hewa hutambulika kwa rangi ya kikaratasi chake: buluu ni namba 675, chungwa ni 13, kahawia ni 312. Ukikiondoa kikaratasi betri imeshaanza kutumika, hata usipoivaa. Usiku fungua kijilango cha betri, kifaa kilale kwenye kopo lenye vile vipaketi vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hewa ya ziwani na jasho ndivyo vinavyokiua. Na betri zikae mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kifaa kisipopatikana, msikate tamaa. Wodini, mgonjwa mzee asipopata maneno, mvalishe masikioni kipimo cha daktari cha kusikilizia mapigo ya moyo, nawe ongea kwa sauti ya kawaida kwenye kile kisahani. Nimewaona watu wakieleza kwa njia hiyo maumivu ambayo faili lao halikuwa nayo.

Nne, nyumba na wanaoishi humo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na haina gharama. Mwite jina, subiri akutazame. Kaa mbele yake, mwanga ukuangukie wewe usoni, usikae mgongo dirishani ukawa kivuli. Ongea polepole kidogo, sauti yako ya kawaida. Asipolipata neno, usilirudie lile lile mara tatu, badilisha sentensi. "Umekula?" ikishindikana, mwambie "Uji ulikuwa mtamu?" huku umeshika bakuli. Zima redio kwanza. Maagizo ya dawa yaandikwe, au yaonyeshwe kwa vidole, kisha mzee ayarudie kwa kinywa chake. Neno "ndiyo" si ushahidi kwamba ameelewa.

Miwani yake iwe safi, kwa maana macho hukisaidia sikio kusoma midomo, na mtoto wa jicho akiwepo atibiwe. Chumba cha sakafu ya saruji na kuta tupu kinarudisha mwangwi. Mkeka chini na pazia zito hupunguza. Mvua ya masika ikigonga bati, hakuna sikio wala kifaa kitakachoshinda, basi mazungumzo ya maana yangoje. Chini ya mwembe uani ndipo mahali bora pa kuongea na mzee, kwa kuwa hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Msikitini na kanisani akae mbele. Kwenye kikao cha ukoo akae katikati, na aongee mmoja mmoja. Tunapenda kusema penye wazee haliharibiki neno, nasi tunamweka mzee mwisho wa mstari, pembeni ya jenereta.

Kwa makazi na wodi, ninachokiomba ni daftari. Kila mzee anapopokewa, masikio yaangaliwe kama presha inavyopimwa. Iandikwe kitandani kwake: anasikia kwa sikio gani, ana kifaa au hana, betri ilibadilishwa lini. Zamu ya asubuhi imkabidhi kifaa kama inavyomkabidhi meno ya bandia. Haihitaji daktari bingwa. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi kama yetu, unaoeleza jinsi watumishi wasio mabingwa, wakifunzwa na kusimamiwa, wanavyoweza kupima wazee na kuwavalisha vifaa. Tunao manesi, tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia nyumba hadi nyumba wakiuliza vyandarua na kliniki za wajawazito. Wakiongezewa kurunzi ya masikio na mafunzo, maswali yao yanaweza kumfikia na bibi wa chumba cha nyuma.

Upweke na akili

Mtu anaweza kusema, mzee wa miaka 80 ana haja gani ya kusikia kila neno? Jibu limekuwa likikusanywa na watafiti. Jopo la jarida la The Lancet linalochunguza maradhi ya kupoteza kumbukumbu limeitaja mara kadhaa, tangu 2017, hali ya kutosikia vizuri kuwa miongoni mwa mambo makubwa yanayoongeza hatari ya maradhi hayo na ambayo yanaweza kurekebishwa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 977 wenye miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Waliopewa vifaa na mafunzo ya kuvitumia, wakichukuliwa wote pamoja, hawakutofautiana sana na wenzao wasiopewa katika kupungua kwa akili. Lakini kwenye kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kasi ya kupungua ilikuwa ndogo kwa asilimia 48. Kifaa si kinga ya kila mtu. Ni msaada mkubwa kwa baadhi, na hao hatuwezi kuwajua bila kupima.

Hata bila utafiti, kila aliyemtunza mzee ameiona njia yenyewe. Asiyepata maneno huacha kuuliza. Akiacha kuuliza, watu huacha kumwambia. Msiba unatokea, anajua baada ya mazishi. Mjukuu anachumbiwa, anaona wageni tu. Siku akiuliza jambo ambalo nyumba nzima inalijua, watu hutazamana, na lile jina la "kuchanganyikiwa" linapata ushahidi wake. Yule fundi wa reli, baada ya kuoshwa masikio na mke wa mwanawe kujifunza kukaa mbele yake, bado hasikii vizuri. Karakana haikurudisha ilichochukua. Lakini sasa ndiye anayegawa hela ya sokoni, na anabishana na kila mtu kuhusu bei ya dagaa.

Basi kesho asubuhi, kabla ya chai, kaa mbele ya baba yako. Mwamkie, subiri akutazame, muulize amelalaje. Akijibu kingine, mpeleke zahanati akaangaliwe masikio, ndipo mwitishe kikao cha ukoo kuijadili akili yake. Na kikao kikiitishwa, yeye awepo, akae katikati.